Mshubiri wa Kibomet

Jumanne, 13 Machi 1951

Nachemsha mimea tangu asubuhi. Mishubiri haifi kirahisi. Ukiikandamiza mbichi kati ya karatasi inaendelea kukua humo humo kwa miezi, inatoa mizizi, inaharibu kazi yote. Lazima kwanza uitie kwenye maji yanayotokota. Memsahib, mzungu ninayemsaidia kukusanya mimea, hawezi kutazama, huenda kumwagilia waridi zake. Kuua ni kazi yangu. Na kuandika lebo, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake.

Leo ilikuwa zamu ya ile sita niliyotoka nayo Naitiri nilipokwenda kumwona Mama. Majani mafupi yenye madoa meupe, maua ya njano yanayoinama. Memsahib alipoiona alikaa chini kwenye ngazi. Anasema haimo katika kitabu chochote. Mama huisaga na kuwatilia kuku wanaohara kwenye maji ya kunywa. Kwake ni dawa ya kuku, basi.

Mitano nimeichemsha. Wa sita unapelekwa Ulaya kwa ndege, ukiwa hai.

Jumatano, 14 Machi

Memsahib aliuliza nimeitoa wapi. Nikasema hapa hapa Kitale, Kibomet, kwenye mawe nyuma ya ninakokaa. Nikaandika Kibomet kwenye lebo zote tano.

Nimedanganya na sijuti. Ule mwamba wa Naitiri umo ndani ya shamba la mzungu. Mama ni skwota tu pale, kibarua aliyeruhusiwa kujenga kibanda, na nyuma ya mwamba anaficha mbuzi kumi na mmoja ambao haruhusiwi kuwa nao. Wazungu wakija kutafuta maua watakuta mbuzi. Mmea ni mmea. Nani atajali umeota wapi.

Jumamosi, 9 Juni

Memsahib kaenda Kibomet mara ya tatu. Karudi na miiba kwenye soksi, hakupata kitu. Nikamwambia labda mbuzi wa watu wameimaliza. Nilicheka peke yangu stoo.

Ijumaa, 2 Novemba

Kitabu kimefika kutoka Ulaya. Ukurasa mzima, na mchoro. Aloe kibometensis. Yaani wa Kibomet.

Memsahib alinieleza sheria yao kwa furaha. Jina likishachapishwa limekaa. Hata likiwa na kosa halibadilishwi, milele. Ule uliopelekwa hai umeoza huko kwa baridi, lakini hilo halikumsumbua sana. Jina lipo.

Jumatatu, 21 Januari 1952

Memsahib kaomba, wakubwa wakakubali. Kibao kimesimamishwa Kibomet kwenye mawe yale. Ni marufuku kung'oa. Majirani wananitania, ati mawe yamepewa ulinzi. Mimi sicheki tena.

Jumapili, 3 Februari

Naitiri. Mwamba umepakwa alama nyekundu kila mahali. Nyapara wa shamba alinikuta nimesimama tu. "Hii yote ni ya baruti, bana. Kokoto ya barabara ya Bungoma. Si mama yako aliambiwa ahame?"

Mama hakuniambia. Alisema hakutaka niache kazi nikimbie huku.

Mimea ipo, imechanua, kama thelathini. Hakuna pengine. Nimewahi kutafuta hadi Ndalu, kila jiwe. Mama naye anasema tangu msichana hajaiona ila hapa. Memsahib akimwandikia mwenye shamba barua moja, mwamba utaachwa, na Mama ataachwa. Lakini lazima kwanza niungame.

Sikung'oa hata mmoja. Nilijiambia barua itatosha.

Jumatatu, 4 Februari

Sikusema.

Alhamisi, 7 Februari

Sikusema. Jana nilifika mlangoni, akanipa chai, nikanywa, nikarudi kwenye sufuria zangu. Mimi ni mwoga. Naogopa kufukuzwa kuliko ninavyoogopa baruti. Naandika haya ili nisijidanganye na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 14 Februari

Nimesema yote. Na mbuzi.

Alikichukua kile kitabu, akakifungua kwenye mchoro. Halafu kwa Kiswahili chake kile: "Wewe naandika Kibomet. Mkono yako. Mimi naambia dunia yote Kibomet." Akalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hili.

Lakini barua aliandika, na mimi mwenyewe nikaipeleka posta.

Jumatano, 20 Februari

Mwenye shamba kajibu. Memsahib alinipa niisome mwenyewe. Anasema kitabu kinasema Kibomet, lebo zinasema Kibomet, na kibao cha serikali amekiona kwa macho yake, Kibomet. Boi wa Memsahib ni mtoto wa skwota, anatunga hadithi ili kuokoa kibanda cha mama yake.

Hilo la mwisho ni kweli. Ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 23 Februari

Nimeomba ruhusa nikaenda na gunia. Ningeng'oa yote, niipande popote.

Hakuna mwamba. Shimo tu, na vumbi jeupe hadi kwenye mahindi. Wamevunja Jumatatu, barua yetu ikiwa bado njiani. Nilichakura hadi kucha zikatoka damu. Nimepata jani moja, limepondeka. Majani haya hayaoti yakikatika, nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Nililiweka mfukoni hata hivyo.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Siku kumi na moja, na gunia lilikuwa stoo.

Jumapili, 16 Machi

Mama anakaa nami Kibomet sasa. Walimhamisha kabla ya baruti, na sijamwambia kwamba hakuna mmea hata mmoja uliobaki. Mbuzi wamekwisha, kuku sita amekuja nao. Kazi bado ninayo. Memsahib haongei nami ila kuhusu maji ya moto. Lebo moja iliyobaki hapa nimekata Kibomet kwa penseli, nikaandika Naitiri. Zile nne zilizopelekwa Ulaya siwezi kuzifikia.

Baada ya kanisa tulitembea hadi kwenye mawe. Mama hajui kusoma. Akauliza kibao kinasema nini. Nikamwambia, ni marufuku kung'oa.

Akayatazama mawe, akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Kung'oa nini?"

Akanishika mkono, tukateremka. Njiani akasema kuku wawili wanahara tangu jana, na kwamba nikipita Naitiri nisisahau kumtafutia dawa.