Damu Yenye Nilikukatalia

Feza mwanangu,

Mwanafunzi wako wa labo, kule munapima damu, alifika hapa Kindu na gari ya moshi. Alikuwa na barua ya inivasite, chuo yenu. Inasema ulikufa Kinshasa, homa ya siku tano, na wamekuzika kule. Nikamuuliza: nani alikuosha? Hakujua.

Ninaandika mie mwenyewe, na kalasi yangu tatu za shule. Unajua mukono yangu, herufi zinasimama kama visiki. Hii barua haiko siri. Nitaipa masista waisome mbele ya watu wa Alunguli, ngambo yetu ya muto. Nilikosea mbele ya watu, si vizuri nitubu ndani ya nyumba.

Unamukumbuka Amisi, mudogo yako. Macho ya njano, mikono inavimba, analia mifupa kila mvua ya baridi ikinyesha. Ulikuwa unamupaka mawese ya moto kidogo kwenye miguu. Unamudanganya eti ukimaliza kuhesabu vidole, maumivu inatoka. Yeye anakuambia: "Yaya, umeruka kidole moja. Anza tena." Ulikuwa hujaruka. Alitaka tu uanze tena. Na ulikuwa unaanza.

Alikufa na miaka saba.

Kwetu mutoto akifa vile, kilio haiishi mpaka wakubwa wa baba na watu wa mama wakae pamoja. Wanaulizana: hii kifo inatoka upande gani? Njo desturi. Kaka yangu mukubwa akasema: "Kwetu hakuna mutu wa kulia mifupa. Hii ni ulozi ya kwao." Shemeji wangu, mujomba wako, akasema: "Kwetu pia hakuna." Wote wakaniangalia mie.

Nilikuwa najua, Feza. Mudogo yangu alikufa vile vile, nikiwa sijaoa. Macho ya njano, mifupa. Kaka yangu pia alikuwa anajua. Nilinyamaza.

Mama yako akarudishwa kwao Kibombo na mukeka na sufuria mbili. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mulango, miaka kumi na ine. Ukaniuliza: "Baba, inatoka upande gani kweli?" Nikakuambia uende uchote maji. Nyuma ya miaka mbili mama yako akafia kule Kibombo. Walisema kifua. Sikuenda kumuzika.

Ile swali, wewe uliondoka nayo.

Masista walikutuma Kinshasa, na toka kule ukapata bursi ya kusoma Ulaya. Mukubwa wa labo alikuosesha chupa tu. Uliandika: "Baba, nimeosha chupa za Ulaya yote." Lakini ukiosha ulikuwa unaangalia wenzako wanafanya nini. Kisha wakakuachia mashine. Ukaniandikia: ndani ya damu kuko kamba ndogo, jicho haiwezi kuiona, na hiyo kamba njo inaamuru mutu awe namna gani. Ulikuwa unaikata vipande vipande kutafuta pahali iliharibika. Nikakujibu mie naona maji mekundu tu. Ukaandika: "Pahali moja tu, Baba. Kosa moja ndogo, mutoto analia mifupa." Miaka ilipita, ukapata namna ya kuionesha ile kosa, hata wenye walikuosesha chupa wakaja kwako kujifunza. Jina yako ikaingia ndani ya vitabu vyao.

Kisha Chama ya serikali ikasema majina ya batizo ifutwe. Odette wa vitabu vyao akakuwa Feza. Kule Ulaya walifikiri ni watu wawili. Mumoja akakuandikia pole juu ya kifo ya Odette, akasema alikuwa mufanyakazi muzuri, na huyu Feza ajikaze amufikie. Uliniandikia ulicheka mpaka ukakaa chini.

Wangekuweka kule. Ulirudi. Kinshasa wakakupa chumba, picha ya Mukubwa wa inchi kwenye ukuta, na frigo moja. Umeme inakatika, damu ya mwaka muzima inaoza. Siku ya posho, mwisho wa juma, wanakuita kufagia barabara, Salongo, kazi ya lazima, na koti yako nyeupe. Unaanza tena.

Ukafika kwetu kazini na sanduku ya barafu, kuchukua damu yetu watu wa reli. Nilikuona unashuka. Sikujua nikuite mwanangu ao daktari.

Kapita, musimamizi wetu, akakuuliza: "Mama Daktari, hii damu yetu inaenda wapi? Kinshasa wako na kiu?" Watu wakaangalia chini, maneno kama ile ilikuwa inapeleka mutu kifungoni. Wewe ukamujibu: "Yako nitaimwanga njiani, kapita. Ni pombe ya lotoko tupu." Wakacheka, wakakunja mikono ya shati.

Mbele ya sindano ukawauliza: "Trafesi, ile miti ya chini ya reli, munabeba watu wangapi?"

"Wawili."

"Mumoja akiwa mulegevu?"

"Mwenzake anavuta. Inafika."

"Wote wawili walegevu?"

"Inakuangukia kwenye mguu, Mama."

Ukasema: "Damu iko vile. Kila mutu anapewa mubebaji mumoja na baba, mumoja na mama. Mwenye iko na mulegevu mumoja anatembea muzima, hajui kitu. Akioana na mwenye iko kama yeye, mutoto wao anaweza kupewa walegevu wawili. Haiko ulozi. Haiko upande moja."

Nimebeba trafesi miaka yangu yote. Nilielewa kupita wote pale.

Walitoa wote. Ikafika kwangu, nikasema mukono inaniuma. Ukanifuata. Tukavuka muto ndani ya mutumbwi. Ndani ya nyumba ukasema: "Kibombo nilipima wote. Kwa tate, muzaa mama, iko. Kwa mujomba iko. Inabaki wewe."

"Unataka unitie haya mbele ya watu?"

"Mie najua tayari, Baba. Amisi hangekuwa vile bila wewe. Nataka wewe mwenyewe useme."

Nikakuambia: "Toka na sindano yako."

Ulitoka. Hukupiga mulango. Ulirudisha kiti pahali yake, ukaenda. Sikukuona tena.

Sasa najiuliza kama ndani ya ile homa ulikuwa ungali unangoja. Watu wananiambia nisifikiri vile. Nafikiri vile.

Mwanafunzi wako alikuwa na sanduku ya barafu vile vile. Anaendelea na kazi yako. Nilimunyooshea mukono akiwa hajaniomba. Karatasi ya kipimo ilirudi nyuma ya mwezi moja: iko kwangu.

Nikapanda gari ya moshi mpaka Kibombo. Kifo yako sikutuma habari kule, nilikosa mudomo. Shemeji hakunipa kiti. Nikasema nikiwa nimesimama: "Kifo ya Amisi ilitoka kwangu pia. Mudogo yangu alikufa vile. Nilijua, nikanyamaza. Dada yako hakukosa kitu."

Kisha akasema: "Unaniambia mie juu ya nini? Muambie mama. Na useme kwa nguvu, hasikii tena."

Tate yako, mama wa mama yako, alikuwa amekaa chini anamenya karanga. Nikasema. Hakusikia. Nikaongeza sauti. Akaweka mukono kwenye sikio. Nikapiga kelele: nilijua, nikanyamaza, mutoto wako hakukosa kitu. Wanawake wenye walikuwa wanatwanga kwa jirani wakasimamisha. Watu wakatoka kwenye milango. Nyumba zote zikasikia. Nikaacha zisikie.

Tate akamenya karanga ingine. Akauliza: "Nani alikuonesha?"

"Feza."

"Ah. Feza. Kichwa ngumu kama ya mama yake." Akaangalia nyuma yangu, kwenye njia. "Feza iko wapi? Anaogopa kuingia?"

Ile sikuweza kuipigia kelele. Nikapiga magoti, nikaweka mudomo kwenye sikio yake. Nilisema mara tatu mpaka akasikia.

Pumzika kazi, mwanangu.

Mie baba yako, mwenye ulimungoja.