Pakiti Zilizopotea Stoo

Jumatatu, 9 Machi 1998
Mzee Mutisya wa stoo amesimamishwa kazi. Miaka kumi na tisa kiwandani! Wiki tatu sasa rekodi anazotuma kwa kompyuta hazifiki ofisini. Ofisi ikadhani magadi ya sabuni yameisha, mashine zikazimwa, vibarua wa Mukuru kwa Reuben wakarudishwa nyumbani. Meneja, Bwana Opicho, akaniuliza mimi, fundi wa mtandao, mbele ya watu kama mtandao una shida. Nikasema hauna. Nilikuwa nimejaribu mara moja tu, kompyuta ya stoo ikajibu, basi. Opicho akasema mzee ni mvivu, hataki kompyuta.

Jumanne, 10 Machi
Nimeingia kazini mapema, nikakagua swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, tundu moja moja la waya. Pakiti zilizopotea, yaani vipande vya ujumbe visivyofika: sufuri, sufuri, mbili, sufuri. Tundu la saba — elfu kumi na nne! Hilo ni la stoo. Nikafuta hesabu, nikangoja. Kufikia saa ya chai, mia tisa tena. Nikabadilisha waya. Bado.

Halafu nikaona. Februari nilipanga matundu yote yatume na kupokea kwa wakati mmoja, ili mtandao uende mbio. Kompyuta ya mzee ni kuukuu, inajua kwenda kwa zamu tu. Pakiti zinagongana. Ujumbe mdogo unapita, rekodi ndefu inakatika njiani.

Ni mimi.

Nimelirekebisha tundu la saba. Sufuri. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 12 Machi
Karani mwenzetu Kavinya amewekwa stoo kwa muda, mahali pa mzee. Rekodi zote zimefika! Opicho anatamba: si mmeona, shida ilikuwa mzee. Mungu wangu. Nimetengeneza, na kutengeneza kwangu ndiko kulikommaliza.

Jumapili, 15 Machi
Kanisani, Buruburu. Nilikaa nyuma kabisa. Mzee Mutisya akanipata tu.

"Mideva, binti yangu, nifundishe hiyo kompyuta. Nafikiri kuna mahali nabonyeza vibaya."

Mkewe, Mama Mbeti, anasema mzee amechora herufi za kompyuta kwenye katoni, anafanyia vidole mazoezi mezani. Nikasema nitakuja Jumatano. Nitakuja! Mdomo huu.

Jumatatu, 16 Machi
Kikao cha kuamua kama mzee atafutwa kazi ni leo, saa nne. Asubuhi nilimwendea Opicho nimwambie. Nikafika mbele yake, nikaomba ruhusa ya kwenda kununua waya. Waya! Mimi ndiye mwanamke pekee idarani. Nilipigania sana nikabidhiwe hizo swichi. Nikisema, watasema si tulijua.

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mkutano. Mzee ameketi kando yangu, amevaa tai. Anadhani naandika mambo ya kazi. Ameniomba radhi — mimi! — kwa usumbufu aliotupa wiki hizi zote.

Norah, sekretari, ametoa kichwa. Anasema niingie kwanza, dakika moja tu, niseme mtandao ulikuwa sawa.

Mzee amesimama, ananishikia mlango.