Mnafu wa Bibi

Jumanne, jioni

Mnafu umekauka wote. Ndoo nne mbovu na viroba vitatu, na hakuna hata jani moja la kuchuma.

Kosa ni langu. Bomba halijatoa maji wiki ya pili sasa, nikamwagilia maji ya kisima cha jirani, yale ya chumvi. Kwetu Myamba, milimani, maji ni maji tu, nami nikadhani na huku Same ni hivyo. Leo udongo una utando mweupe juu, hata ule mweusi ambao mjomba alitushushia kutoka shambani kwa Bibi.

Tangu tumlete Bibi huku kwa matibabu, hataki kula. Mchicha wa sokoni anasema unanuka vumbi. Anataka mnafu.

Mchana aliniuliza, "Mjukuu wangu, mnafu umefika wapi?"

"Umefika magotini, Bibi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alicheka, mara ya kwanza tangu aje. "Basi mkono huo umeurithi kwangu. Mama yako hata magugu humfia!"

Kisha akaomba uji, akanywa nusu kikombe. Nusu kikombe!

Kesho asubuhi anataka tumtoe nje, uani, auchume mwenyewe. Ameshamwambia mama aandae kiti.