Breki ya Garimoshi la Mkonge

Jumatatu, 9 Juni
Nimeanika kahawa. Upepo umeangusha migomba miwili. Tumbo limekaza tena. Binti yangu Adelina anataka nikapigwe picha hospitali. Picha ya nini? Sababu naijua.

Jumanne, 10 Juni
Niandike basi, maana sijawahi kumwambia mtu. Mimi na Frederiki wa Kamuli tulikula kahawa ya omukago, kiapo cha undugu wa damu, kabla ya kwenda kukata mkonge Korogwe. Punje moja: nusu ilipakwa damu yangu, nusu yake. Atakayemtupa mwenzake, tumbo litamvimba afe. Tulimeza huku tunacheka, vijana sisi.

Huko tukawekwa kwenye garimoshi dogo la shamba. Mimi kuchochea kuni, yeye kufunga breki behewa la mwisho. Jamani, lile garimoshi! Cheche zilitoboa mashati yangu yote, na bado nilijiona bwana mkubwa. Siku moja kwenye mteremko likashika kasi, halishikiki. Nikaruka. Sikumwita Frederiki. Nikatoroka moja kwa moja mpaka kwetu Ihanda.

Baadaye nikasikia amerudi, mzima. Niliwahi kumwona mnadani, nikajificha nyuma ya mikungu ya ndizi. Mzee wa kanisa mimi!

Alhamisi, 12 Juni
Adelina kashinda. Hospitali wanasema vidonda vya tumbo. Dawa, na nisile pilipili. Sikuwaamini. Daktari atajuaje mambo ya omukago?

Ijumaa, 13 Juni
Mpwa wangu aliyeko Tanga amepiga simu. Nilimwomba aulizie habari za lile garimoshi. Reli ya shamba iling'olewa zamani, vyuma vikauzwa. Ilipopita pana mahindi. Imeniuma sana. Tumebaki wawili tunaolijua garimoshi lile, na mmoja nilimtupa.

Kesho naenda Kamuli. Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni
Bodaboda, vumbi mpaka masikioni. Frederiki alikuwa mlangoni. Kuniona tu, akarudi ndani! Nikajua ana hasira. Nikasimama uani nikasema yote kwa sauti, wajukuu zake wakisikia: niliruka, nikakuacha kwenye breki, nisamehe.

Kisha akatoka na fimbo yake.

"Breki gani, bwana we? Mimi nilisharuka. Nyuki waliniingia shatini."

Loo! Kumbe breki haikuwa na mtu. Ndiyo maana lilikimbia vile. Anasema kesho yake alirudi shambani kufuata blanketi lake. Dereva akamwambia garimoshi lilisimama lenyewe tambarare, na kwamba mimi nimetoroka. Kisha akamfukuza kwa matusi. Miaka yote hii Frederiki ananikwepa, akidhani tumbo litakalovimba ni lake. Siku ile mnadani naye alijificha!

Wajinga wawili. Tumecheka hadi mkewe akatoka kuangalia kama tunalia. Mimi nilikuwa nalia. Halafu tukabishana: yeye anasema honi ya kuondoka ilipigwa mara mbili. Ni tatu. Mbishi yule, hajabadilika.

Jumapili, 15 Juni
Ibada. Mchana ndizi na maharage. Nimemtaja Frederiki mezani, mara ya kwanza katika nyumba hii. Wajukuu wakauliza ni nani. Nikawaambia ni ndugu yangu.