Barakoa ya Zuwena

Jumanne, 3 Mei 1966
Maji mitungi miwili tena. Zuwena kayaleta yote, magoti yangu hayakiwezi kile kilima. Kwetu Unguja mjukuu wangu hakuwahi kuchota maji. Hapa Matrah, Oman, mwaka wa pili sasa, huchota kila asubuhi, na jua la hapa halipiti, linamkalia mtu usoni. Wanawake wa mtaa wanasema rangi yake imeharibika. Nimechoka kujifanya sisikii.

Jirani yetu Bi Ghaniya kaleta habari. Bi Shamsa anamtafutia mke mwanawe Salim, karani wa bandarini, na anataka kuja kumtazama Zuwena. Wazazi wa mtoto huyu wamekufa. Mimi, niliyekuwa mwalimu kule Unguja, nina miaka sitini na sita. Nikifa kabla hajaolewa, atabaki mgeni katika nchi walikozaliwa babu zake.

Ijumaa, 6 Mei
Nimemshonea barakoa ya usoni. Kitambaa ni cha nili, rangi ya buluu iliyokoza, kinachopigwa kwa jiwe mpaka king'ae. Katikati hupitishwa kijiti chembamba, ndicho kinachosimama juu ya pua na kuacha hewa ipite. Kamba mbili hufungwa kisogoni. Kingo nimezitia uzi wa dhahabu uliotoka katika barakoa ya mama yangu. Uso wa ndani haukutiwa bitana. Nili inapolowa jasho hushika ngozi na kuikinga na jua, ndivyo tulivyofunzwa. Mimi nilivishwa yangu nikiwa na miaka tisa.

Zuwena kalalamika kwamba inanuka. Nimemwambia uso ni kama karatasi, ukiisha kuungua hauandikiki.

Jumapili, 8 Mei
Ameivaa kwenda kisimani. Anasema wanawake walimpisha akateka wa kwanza, wala hakuna aliyemtania. Nikafurahi sana. Miaka miwili tunasukumwa, leo tumepishwa. Heshima ilikuwa ndani ya sanduku langu muda wote huu.

Jumatano, 18 Mei
Bi Shamsa aliahidi kuja leo baada ya Alasiri. Nimechemsha kahawa, nimeweka halua, nimetandika mkeka mpya. Zuwena kavaa kanzu ya kijani. Magharibi imeingia. Hakuja, wala hakutuma mtu.

Halua tumeila wenyewe. Haikuwa na ladha.

Alhamisi, 19 Mei
Bi Ghaniya kaja asubuhi, hata hajakaa vizuri.

"Bi Mwalimu, mbona hukunambia Zuwena ana mume? Umenitia aibu kwa watu! Yuko wapi huyo bwana, kabaki Unguja?"

"Mume gani?"

"Sasa barakoa kamvisha nani?"

Hapa barakoa huvaliwa na mwanamke aliyeolewa. Anavishwa akishaingia nyumbani kwa mumewe. Msichana hujitanda shela kichwani tu, uso wazi. Siku kumi na moja mjukuu wangu amepita kisimani, sokoni, mbele ya mlango wa Bi Shamsa, akitangaza kwamba ni mke wa mtu. Kumbe ndiyo maana walimpisha.

Nikamweleza Bi Ghaniya kwamba barakoa ilikwenda Unguja kutoka huku huku Oman. Nyumba yetu iliishika kama ilivyoletwa na bibi wa bibi yangu. Mtoto wa kike aliyekaribia kuvunja ungo alivishwa. Pengine huku desturi imebadilika, pengine kila mji ulikuwa na yake. Sisi tulihifadhi tulichopewa.

"Haya basi," kasema, "kawaeleze hivyo kisimani."

Jumapili, 22 Mei
Nimekwenda kwa Bi Shamsa. Nimemweleza tangu mwanzo, kwa utulivu, kama nilivyokuwa nikifundisha. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kanimiminia kahawa mara mbili.

Neno limekwishatolewa. Amemposea mwanawe binti wa mji wa Barka, na mahari yamepokelewa.

"Nilimtaka wako," kasema. "Salim mwenyewe ndiye aliyemtaja. Ungeniuliza tu, Mwalimu. Mlango wangu uko hatua ishirini."

Nikatikisa kikombe kwamba imetosha. Desturi hiyo naijua.

Jumatatu, 30 Mei
Zuwena hajasema nami kwa siku nane ila "ndiyo, Bibi" na "tayari, Bibi". Leo, akipepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Huyo Salim alikuwa akinisalimu pale pembeni ya njia. Siku niliyoivaa akainamisha macho. Nikadhani ndiyo adabu ya huku."

"Ungenambia, mwanangu."

"Wewe huambiwi, Bibi. Wewe unaeleza."

Miaka thelathini nimesimama mbele ya wasichana, na sikumbuki siku niliyowauliza kitu ambacho jibu lake sikuwa nalo. Nna hasira. Kwanza niliwakasirikia watu wa huku, waliotwambia tunarudi kwetu wakatupokea kama wageni. Leo hasira imenirudia mwenyewe, na hapa haina pa kwenda.

Ijumaa, 17 Juni
Ngoma za harusi zimesikika upande wa kwa Bi Shamsa tangu asubuhi. Zuwena kachukua mtungi, kajitanda shela, kaenda kisimani uso wazi. Wanawake hawakumpisha. Kangoja zamu yake.

Barakoa nimeifumua. Uzi wa dhahabu nimeuviringa kwenye kijiti.

Nili imemwachia mistari ya buluu, mmoja juu ya pua na mmoja kila shavu. Sabuni haikuitoa. Ndimu haikuitoa. Nilijua dawa tatu nyingine. Nikavaa viatu, nikaenda kwa Bi Ghaniya, nikamuuliza wao hufanya nini.

Kaniambia ni unga wa dengu na maziwa, kila jioni, polepole. Nikasikiliza, sikuongeza neno.

Jioni nimempaka. Kafumba macho, kaniachia uso wake. Upande wa kushoto umeanza kufifia.