Ndiyo Niliyomjibu Fundi

Dada,

Taa ya kisanduku kipya cha intaneti inawaka kijani, lakini simu ya mezani iko kimya kabisa. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Usichomoe waya mweupe.

Asubuhi fundi wa kampuni mpya ya intaneti alivuta laini yao, kisha akaniuliza, "Namba ya zamani ya simu ya mezani mnahama nayo au mnaiacha?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akacheka. "Ndiyo ipi, binti?"

Nikaona haya, nikasema ndiyo tena. Akaandika kwamba tunaiacha, nami nikatia sahihi.

Huwa unasema mdomo wangu nimeuazima, haujui neno ila ndiyo. Namba ile ndiyo pekee iliyobaki kichwani mwa Mama. Saa nane ataipiga kutoka kwa Shangazi anakokaa, na hakuna atakayeitika.

~~Usinikasirikie.~~ Kasirika, lakini kwanza mpigie fundi kwa simu yako ya mkononi. Karatasi yenye namba yake iko chini ya kikombe. Alisema kabla ya saa kumi namba bado inaweza kurudishwa. Piga wewe. Mimi nikipiga, unajua nitakachosema.

Nimekwenda kwa Shangazi, nikae karibu na Mama atakapoinua simu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Kila akipiga ukiwa kazini, Mama huuliza, "Ni wewe, mwanangu mkubwa?" Jina langu hajalitaja tangu alipoanza kusahau. Nami humjibu ndiyo, ili asikate simu.

Mdogo wako