Picha Ilikuwa Safi

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mzima? Na shemeji, mgongo wake unaendeleaje? Mimi sijambo, ila baridi ya huku ugenini inanitafuna. Afadhali nikiwa kazini kwenye mvuke wa dobi.

Nimepigwa picha ya matiti. Haikuonyesha ugonjwa, lakini nimetumiwa maelezo kwamba nyama ya matiti yangu imesongamana mno. Muuguzi akanifafanulia: titi la namna hiyo hutoka jeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe, kwa hiyo unaweza kujificha humo. Tena hali yenyewe huongeza hatari ya kansa. Wakanipima kwa ultrasaundi, wakakuta salama.

Nikakuwaza wewe. Sisi ni watoto wa tumbo moja, na mama tunajua kansa ilivyomchukua. Wewe ulipopigwa picha uliambiwa nini?

Mdogo wako

19 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba. Hatujambo. Shemeji yako mgongo humuuma siku za kufagia tu. Chakula kikiiva anainuka kama kijana.

Mimi niliambiwa, "Picha safi, mama, nenda nyumbani." Basi nikaenda. Sare za shule za kushona zimenijaa mpaka kitandani, nitapata wapi muda wa kwenda kuuliza titi langu limeshonwaje? Usinipandishe presha bure. Vaa soksi.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani. Neno "safi" halitoshi. Nenda kawaulize walichoona. Kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu, maana sina mwingine wa kumwita dada.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na kazi. Kimya changu kina sababu.

Nilikwenda, ili tu uniache nishone. Daktari akafungua faili, akasoma, akakohoa.

"Ni kweli, matiti yako yamesongamana sana. Tuliona tangu picha ya kwanza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wanawake wengi wakisikia hivyo huingiwa na hofu, mama. Hatukutaka kukutisha."

Nikamwambia, "Hofu ni yangu, daktari. Ungenipa niibebe mwenyewe."

Akaniandikia ultrasaundi. Wakaona uvimbe titi la kushoto, wakachoma sindano, wakatoa kinyama kikapimwe. Ni kansa, Kiroboto. Neno hilo nimelifuta na kuliandika tena, kwa sababu hakuna jingine. Jumatatu wananikata.

Jana mteja alilalamika kwamba pindo la gauni lake limepinda. Nikacheka mpaka akaogopa. Alipoondoka nikalifumua, nikakaa nalo mapajani, nisijue pa kuanzia.

Dada yako

7 Julai

Dada,

Shikamoo. Jumatatu ile imepita, na zilizofuata zimepita. Simu yako haipokelewi, ya shemeji nayo vilevile. Nakunja mashuka ya watu nikilia, msimamizi ananiuliza nina nini, nasingizia mvuke. Niandikieni hata neno moja. Hata kama ni baya.

Mdogo wako

21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, mama. Niko hai.

Ni mimi niliyemkataza shemeji yako kupokea simu zako. Alipouliza kwa nini, nikamjibu, "Sitaki kumtisha mtoto." Maneno yakanirudi masikioni kwa sauti ya yule daktari. Nikamwambia anipe kalamu. Nisamehe.

Basi sikia kama yalivyo. Titi limeondolewa. Kansa ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapa. Wamenianzishia dripu za dawa. Natapika, nywele zinabaki kwenye mto kila nikiamka, na cherehani nimeifunika. Nikamuuliza daktari kama nitapona. Akasema matumaini yapo, lakini haahidi. Safari hii alinitazama usoni. Sasa unajua yote ninayoyajua, na nikijua zaidi utajua.

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali, nikisubiri dripu. Mama mmoja akatoka chumba cha picha akitabasamu, anafunga vifungo vya blauzi.

"Wamekwambiaje?" nikamuuliza.

"Safi, dada."

"Safi, halafu? Wamekueleza nyama ya matiti yako ikoje?"

"Kwani ni lazima?"

Sikuwa na nguvu za kueleza. Nikafunua shuka niliyojitanda kifuani. Akautazama upande wa kushoto usio na titi. Kisha akageuka, akarudi kugonga mlango wa chumba cha picha.

Dada yako